Fimbo ya Mbali: Historia ya Michezo ya Kompyuta ya Kuazima, Ikitazamwa kutoka Uvira

1. Utangulizi

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Makala hii inakusudia kuipima methali hiyo kwa jambo ambalo wahenga hawakupata kuliona, yaani michezo mizito ya kompyuta inayochezwa kwenye vishikwambi na simu zisizo na nguvu, huku mashine inayouendesha mchezo wenyewe ikiwa katika nchi nyingine, pengine katika bara jingine. Swali letu ni la kihistoria. Mpango huu wa kuazima nguvu za mashine iliyo mbali ulitoka wapi? Umefaulu wapi, na umeshindwa wapi? Na mtu aliyeketi Uvira, katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, autazame kwa jicho gani?

Namna mpango huu unavyofanya kazi si vigumu kuieleza. Mchezo wa kisasa hudai hesabu nyingi mno: mwanga unaoangukia ukuta, mwendo wa mpira, kivuli cha mtu anayekimbia. Kishikwambi cha bei nafuu hakiziwezi hesabu hizo. Basi hesabu hufanyiwa mahali pengine, katika kompyuta yenye nguvu. Mchezaji anapogusa kioo, amri yake husafiri hadi kwenye kompyuta hiyo. Kompyuta huchora picha mpya, huibana ili iwe nyepesi, kisha huirudisha kwa mchezaji. Kishikwambi hakifanyi kazi nyingine ila kupokea picha na kupeleka amri. Ni kama televisheni iliyofundishwa kutii.

Yafaa tuafikiane kuhusu istilahi kabla ya kuendelea. Neno kishikwambi limezoeleka nchini Tanzania hasa tangu Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, ambapo makarani walivitumia vifaa hivyo, kisha vikagawiwa walimu. Kompyuta inayozihudumia nyingine kutoka mbali tutaiita seva. Kitendo cha kupeleka picha mfululizo bila kuzihifadhi mwishoni tutakiita kutiririsha. Na ule muda unaopita kati ya kidole kugusa na picha kubadilika tutauita ukawiaji, kutokana na kitenzi kukawia, ambacho wasemaji wa Kiswahili cha Kongo wanakitumia kila siku. Neno hilo la mwisho ndilo litakalobeba sehemu kubwa ya hoja yetu.

2. Mto unaingia au unatoka?

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Uvira mwezi Aprili 1858 wakiwa na swali moja kubwa: je, Mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Kama ungekuwa unatoka kuelekea kaskazini, ungeweza kuhesabiwa miongoni mwa vyanzo vya Nile. Wenyeji waliwaambia kwamba mto unaingia. Hata hivyo, wataalamu wa Ulaya waliendelea kubishana kwa zaidi ya miaka kumi, hadi Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walipofika kwenye mlango wa mto huo na kuyaona maji yakiingia ziwani, kama wenyeji walivyokuwa wamesema.

Kisa hiki kinajulikana na wanafunzi wa historia ya uvumbuzi, lakini kinatupatia pia kanuni ya uchunguzi. Kila kinachofika katika pwani hii ya ziwa, na kila kinachoondoka, yafaa kiulizwe swali lile lile: kinatiririkia upande gani? Katika karne ya 19, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walitoka Ujiji kwa mashua hadi Uvira wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Lugha ya Kiswahili iliingia kwa njia hiyo hiyo ambayo watu na mali zilitokea. Baadaye bandari ya Kalundu iliiunganisha Uvira na Bujumbura, Kigoma, Kalemie na Mpulungu. Uvira ni mji wa njiani, nao umejifunza mapema kwamba njia ina ncha mbili na kwamba ncha hizo aghalabu hazilingani kwa nguvu.

Umeme ni mfano ulio karibu zaidi na mada yetu. Bwawa la Ruzizi la kwanza, lililo karibu na Bukavu, lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Uwezo wake ni takribani megawati 30. Bwawa la pili lilifuata mwaka 1989, likiwa mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Mtu wa Uvira anapowasha taa inayotegemea umeme huo, anaazima nguvu za mashine ambayo hakuinunua wala haioni. Taa yake haina uwezo wowote wa kuzalisha umeme. Uwezo wake wote uko upande wa juu wa waya. Kwa maana hiyo, taa ni kishikwambi cha kwanza kufika katika pwani hii. Nayo ilitoa fundisho la kwanza pia: nyumba inaweza kuwa chini kabisa ya nyaya zinazopita na bado ikawa gizani, kwa kuwa ukaribu wa mashine haupimwi kwa kilomita pekee.

3. Asili ya mashine ya kuazima

Wengi hudhani kwamba kucheza kwa kutumia kompyuta ya mbali ni uvumbuzi wa karne hii. La hasha. Mwezi Novemba 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo uliowawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa mbele ya kifaa chake. Sababu ilikuwa ya kiuchumi. Kompyuta ilikuwa ghali mno kwa mtu mmoja, na mtu mmoja ni mzito mno wa kufikiri hata aishughulishe kompyuta nzima. Kugawana kukawa busara.

Mfano unaofanana zaidi na mada yetu ni PLATO, mfumo wa kufundishia ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1960. Kufikia miaka ya 1970 mfumo huo ulikuwa na vifaa vyenye vioo vya rangi ya chungwa vilivyoweza kuguswa kwa kidole, vilivyotawanyika katika shule na vyuo na kuunganishwa kwa nyaya za simu na kompyuta kuu. Ulikusudiwa masomo, lakini wanafunzi wakautungia michezo. Mmojawapo, ulioitwa Empire, ulitungwa mwaka 1973 na uliwawezesha wachezaji walio mbalimbali kupigana vita vya angani pamoja. Katika miaka ya 1980 mfumo huo ulitumika barani Afrika pia, katika Chuo Kikuu cha Western Cape nchini Afrika Kusini. Kioo cha kugusa, kompyuta ya mbali, mchezo unaochezwa kwa waya: mambo yote matatu yalikuwapo kabla wengi wa wanafunzi wa leo hawajazaliwa.

Mpango huo ulififia kwa sababu moja. Kompyuta zilipopungua bei na kuongezeka nguvu, kila mtu mwenye uwezo alitaka yake mwenyewe. Ulirudi pale michezo ilipokuwa mizito kiasi kwamba hata kompyuta ya nyumbani haikutosha. Kampuni ya OnLive ilitangaza huduma yake mwaka 2009, ikaifungua nchini Marekani mwezi Juni 2010, na mwishoni mwa 2011 ikaifikisha kwenye vishikwambi. Mwaka 2012 Sony iliinunua kampuni nyingine ya aina hiyo, Gaikai, kwa dola milioni 380. Google ilianzisha Stadia mwezi Novemba 2019 katika nchi 14 za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Microsoft nayo ilifuata mwaka 2020.

Hatima ya huduma hizi inastahili kuzingatiwa. OnLive ilifungwa Aprili 2015. Stadia ilifungwa Januari 2023. Google iliwarudishia wateja fedha walizolipia michezo, jambo la uungwana, lakini michezo yenyewe waliyodhani wameinunua haikubaki nao. Waswahili husema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Siku mwenyewe anapoitaka, muazimaji hana la kujibu.

4. Kibanda cha michezo

Kabla ya kuuliza kama michezo ya kutiririshwa inaifaa Uvira, hatuna budi kutambua kwamba miji ya Afrika Mashariki na ya mashariki mwa Kongo ilikwisha kubuni jibu lake kwa tatizo lile lile. Jibu hilo ni kibanda cha michezo: chumba kidogo chenye televisheni mbili tatu na mashine za PlayStation, ambapo vijana hulipa kwa mechi moja au kwa dakika. Aghalabu mchezo ni mpira wa miguu. Anayefungwa huondoka kitini, na anayesubiri huketi.

Ukikichunguza kibanda hiki kwa jicho la mwanahistoria, utaona kwamba kina mantiki ile ile ya Corbató. Mashine ni ghali, watu ni wengi, basi wagawane. Kijana aliye na fedha kidogo tu mfukoni anapata kutumia, kwa dakika kumi, mashine ambayo familia yake isingeweza kuinunua. Tofauti iko katika umbali. Waya unaounganisha mkono wa mchezaji na mashine una urefu wa mita chache. Ukawiaji haupo wa kusumbua. Mwenye mashine anajulikana kwa jina. Akipandisha bei, wateja humlalamikia uso kwa uso au huenda kwa jirani yake. Umeme ukikatika, wote huona sababu ni nini. Na fedha inayolipwa hubaki mtaani, ikanunua mafuta ya jenereta, sambaza na unga.

Kuna la kuongeza kuhusu mashine zenyewe. Mwaka 2000 bei ya tantali, madini yanayopatikana katika koltani ya Kivu na yanayotumika katika vifaa vya elektroniki, ilipanda ghafla katika soko la dunia, nao ndio mwaka PlayStation ya pili ilipotoka. Baadhi ya waandishi waliyaunganisha mambo hayo mawili, wakaiita vita ya Kongo vita ya mchezo huo. Maelezo hayo yamerahisisha mno. Mahitaji yalitoka kwa viwanda vya simu na kompyuta kwa jumla, na vita ilikuwa imeanza kabla ya bei kupanda. Hata hivyo swali la Ruzizi linabaki palepale. Madini yalitiririka kwenda nje yakiwa mazito na bei ndogo, yakarudi yakiwa mashine nyepesi zenye bei kubwa. Katika michezo ya kutiririshwa hata mashine hairudi tena. Kinachorudi ni picha yake.

5. Hesabu ya umbali

Sasa tuipime methali kwa tarakimu. Mwanga husafiri ndani ya nyuzi za kioo kwa kasi ya takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Hakuna kampuni wala serikali inayoweza kuiongeza kasi hiyo. Mchezo wa kisasa huonyesha picha 60 kwa sekunde, hivyo kila picha hukaa machoni kwa milisekunde 17 hivi. Ukawiaji ukifika karibu milisekunde 100, wachezaji wengi wa michezo ya kasi huanza kuhisi kwamba mkono wao si wao: mpira umekwisha kupita ndipo mlinda mlango anaruka.

Kwa muda mrefu njia ya kuifikia intaneti katika sehemu nyingi za mashariki mwa Kongo ilikuwa setilaiti zinazoelea juu ya ikweta kwa umbali wa kilomita 35,786. Amri ipande huko na kushuka, kisha jibu lipande na kushuka tena. Safari hiyo peke yake hula karibu nusu sekunde. Kwa barua pepe, nusu sekunde si kitu. Kwa mpira wa penalti, ni mchezo mzima.

Nyaya za baharini zilibadili hali hiyo kwa kiasi. SEACOM na TEAMS zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kwa upande wa magharibi, Kongo iliunganishwa na waya wa WACS huko Muanda mwaka 2013. Lakini Uvira iko mbali na bahari zote mbili, nayo hufikiwa kwa kupitia njia ndefu za nchi kavu zinazovuka mipaka, milima na mito.

Tuchukue mifano miwili. Microsoft ilifungua vituo vyake vya seva Johannesburg na Cape Town mwaka 2019. Kutoka Uvira hadi Johannesburg kwa mstari mnyoofu ni takribani kilomita 2,500, kwa hiyo kwenda na kurudi mwanga huhitaji milisekunde 25 hivi. Hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000, sawa na milisekunde zaidi ya 60 kwenda na kurudi. Hayo ni makadirio ya chini kabisa ambayo hayafikiwi kamwe, kwa kuwa waya haunyooki. Huzunguka kufuata barabara na pwani, hupita katika mitambo mingi ya kuelekeza, kisha huishia kwenye mnara wa simu ambao nao una foleni yake. Juu ya hayo ongeza muda wa kuchora picha, kuibana na kuifungua. Bajeti ya milisekunde 100 huisha kabla mchezaji hajapumua.

Liko pia suala la gharama. Stadia ilitaka angalau megabiti 10 kwa sekunde. Ukifanya hesabu, saa moja ya kucheza hutumia gigabaiti 4.5. Picha zikiwa za ubora wa juu kabisa, ambazo zilihitaji megabiti 35, saa hiyo moja hufikia karibu gigabaiti 16. Katika miji ya Kongo watu hununua intaneti kidogo kidogo, nao huiita mega, wakihesabu zilizobaki kama mama wa nyumbani anavyohesabu vipimo vya unga. Neno lenyewe linaeleza uchumi wake. Mtu anayenunua kwa mega hawezi kutumia kwa giga. Kijana aliyeshindwa kununua mashine anaambiwa kwamba sasa haihitaji. Lakini bei ya mashine aliyoepuka huilipa kwa vipande, kila saa anayocheza, wala mwisho wa malipo hana chochote mkononi.

6. Fimbo ya mbali iliyoua nyoka

Tungekomea hapo, tungeonekana kusema kwamba mashine ya mbali haina faida kwa Uvira. Historia inakanusha hilo, na ushahidi wake umo katika mifuko ya karibu kila mfanyabiashara wa mji huo.

Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi Machi 2007, na Vodacom ikaifikisha Kongo mwaka 2012. Mtu mwenye simu ya vitufe, iliyo dhaifu kuliko kishikwambi chochote, hupiga namba fupi, huletewa orodha ya kuchagua, hujibu kwa tarakimu, na fedha huhama, ziwe faranga au dola. Simu yake haifanyi hesabu yoyote ya fedha wala haihifadhi salio. Yote hayo yamo katika kompyuta ya mbali. Kimuundo, mchuuzi wa samaki anayepokea malipo kwa simu ya namna hiyo anafanya lile lile ambalo mchezaji wa Stadia alikuwa akifanya: anatuma amri, anapokea picha ya matokeo.

Kwa nini fimbo hii iliua nyoka na ile ikashindwa? Sababu ni mbili, nazo zinapimika. Kwanza, ujumbe wa mfumo huo hauzidi herufi 182, ilhali sekunde moja ya mchezo hubeba zaidi ya megabaiti moja. Pili, muamala wa fedha unavumilia kukawia. Mchuuzi anaweza kungoja sekunde kumi huku akipanga dagaa wake. Golikipa hawezi kungoja hata sehemu ya kumi ya sekunde. Kumbe methali ya wahenga inahitaji nyongeza ndogo. Fimbo ya mbali inaweza kuua nyoka, mradi iwe nyepesi na nyoka awe mvivu.

Nyongeza hii ina manufaa ya vitendo kwa wasomi wetu. Kazi zinazoweza kuachiwa mashine za mbali ni zile zenye maneno machache na subira nyingi: kutafuta maana katika kamusi, kuulizia bei ya mchele ng'ambo ya ziwa, kupokea matokeo ya mtihani, kutafsiri aya. Kazi zinazodai picha nyingi na jibu la papo hapo zinahitaji mashine iliyo karibu.

7. Anayeshika ncha ya juu

Hata pale fimbo inapofaa, hatupaswi kusahau kwamba kipini chake kimeshikwa na mtu mwingine. Siku moja baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa kote nchini Kongo, na haikurudishwa hadi siku takribani 20 kupita. Ujumbe mfupi wa simu nao ulizimwa. Jambo hilo lilikuwa limewahi kutokea Januari 2015, wakati wa maandamano kuhusu sheria ya uchaguzi. Katika siku kama hizo kishikwambi kinachotegemea seva ya mbali hugeuka kipande cha kioo, ilhali simu iliyohifadhi mchezo, kitabu au kamusi ndani yake huendelea kutumika bila kuomba ruhusa ya mtu.

Maumbile nayo yana ncha yake. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mvua kubwa iliufurisha Mto Mulongwe, ukapita katikati ya Uvira, ukaua watu wengi na kubomoa maelfu ya nyumba. Mji uliobanwa kati ya milima na ziwa una njia chache za kupitishia barabara, mabomba na nyaya. Zikikatwa hizo, hakuna pa kuzungukia. Na vita havikuwa mbali. Bukavu ilipotwaliwa na waasi wa M23 mwezi Februari 2025, ofisi za mkoa zilihamia Uvira kwa muda. Mwezi Desemba mwaka huo huo mapigano yakafika Uvira kwenyewe, na maelfu ya watu wakavuka mpaka kuingia Burundi. Katika hali kama hiyo kuzungumzia michezo ya kompyuta kunaweza kuonekana kuwa upuuzi. Lakini mkimbizi hubeba simu, na kinachobaki ndani ya simu hiyo baada ya kuvuka mpaka na kupoteza mtandao ndicho alicho nacho hasa. Vingine vyote alikuwa ameazima.

Setilaiti mpya zinazopita chini, kwa kimo cha kilomita 550 hivi, zimeleta tumaini, kwani ukawiaji wake ni mdogo sana ukilinganishwa na zile za zamani. Serikali ya Kongo ilipiga marufuku huduma ya Starlink mwaka 2024, kisha mwaka 2025 ikatoa leseni. Mabadiliko hayo mawili katika muda mfupi yanathibitisha hoja yetu: umbali wa kilomita umepungua, lakini umbali wa maamuzi uko vilevile. Anayefungua na kufunga hayuko Uvira.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kutiririsha michezo mizito kwenye vifaa dhaifu ni sura mpya ya desturi ya zamani ya kugawana mashine ghali, desturi ambayo Wamarekani waliifanya kwa nyaya za simu na vijana wa miji yetu wakaifanya kwa benchi na televisheni. Pili, mafanikio yake hayaamuliwi na kifaa kilicho mkononi. Yanaamuliwa na ukawiaji, bei ya mega na uhakika wa umeme, mambo ambayo yote matatu yanaifanya Uvira kuwa mahali pagumu kwa huduma hiyo na pazuri kwa huduma nyepesi kama ya fedha. Tatu, kila kilichoazimwa kinaweza kurudishwa kwa mwenyewe bila muazimaji kuulizwa.

Jambo la tatu linatuhusu sisi wa vyuo vikuu kuliko linavyowahusu wachezaji. Kamusi zetu, hazina zetu za matini, programu za kutambua sauti na za kutafsiri Kiswahili zinazidi kuwekwa katika seva zilizo nje, nasi tunazitembelea kwa vishikwambi. Mwalimu wa sekondari ya Fizi au ya bonde la Ruzizi akiulizwa na mwanafunzi maana ya neno siku ambayo mtandao umezimwa, anahitaji kamusi iliyo ndani ya chumba chake. Ushauri wetu ni kwamba kila chombo cha lugha kinachotengenezwa na idara zetu kiwe na umbo linaloweza kuhifadhiwa katika simu ya kawaida na kufanya kazi bila waya, na kwamba nakala zake ziwekwe katika vyuo vya kandokando ya ziwa, Uvira, Bujumbura, Kigoma na Kalemie, ili mmoja akizimwa wengine wamwazime.

Burton na Speke waliambiwa mto unaelekea wapi na watu walioishi kando yake. Jibu lilikuwa tayari Uvira, bila gharama na bila kukawia. Lilichelewa miaka 13 kwa sababu lilipaswa kwanza kuthibitishwa na waliokuwa mbali.